Pima mwinuko kwanza, pampu utanunua baadaye

Kiangazi kilichopita niliitwa bonde moja nje ya mji wa Iringa, kwa familia inayolima vinyungu, yaani bustani za bondeni. Pampu mpya ilikuwa inanguruma kando ya kijito, lakini kule juu kwenye tanki maji yalikuwa yanachuruzika tu. Baba mwenye shamba alinionyesha kibao cha pampu: H max mita 40. "Tanki lipo mita 28 tu, mhandisi, simu imenionyesha. Nimeuziwa feki?"

Pampu ilikuwa nzima. H max ni kimo ambacho maji yakifika yanasimama, hayatoki hata tone. Q max, iliyoandikwa hapo hapo, ni wingi wa maji pampu inapomwaga bila kupandisha. Namba hizi mbili hazipatikani kwa wakati mmoja, na ninatamani kila muuzaji angemweleza mteja hivyo. Cha kutazama ni mchoro uliomo kwenye kijitabu cha pampu: kwa kimo chako wewe, inatoa lita ngapi?

Kimo hicho, mafundi wanakiita hedi, huanzia usoni pa maji na kuishia pale bomba linapomwagia. Kwa kisima kirefu, hesabu kuanzia pale maji yanaposhukia pampu ikiwa inafanya kazi, si yalipolala asubuhi. Urefu kutoka usawa wa bahari hauhusiki hapa, na simu huweza kukosea mita kumi au zaidi.

Tulipima kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama wa mafundi ujenzi. Tuliujaza maji, tukatoa mapovu yote (povu moja linaharibu kipimo), kisha kila ncha tukaifunga kwenye fito yenye alama za sentimita. Maji yakitulia, uso wake huwa sawa ncha zote mbili; tofauti ya alama ndiyo mwinuko wa hatua hiyo. Tulipanda hatua kwa hatua huku binti wa nyumbani akijumlisha kwenye daftari. Jibu: mita 37.

Juu ya hapo kuna msuguano wa bomba. Ukipitisha lita moja kwa sekunde kwenye bomba laini lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25, kila mita 100 za urefu zinakula takriban mita 17 za hedi. Kwa milimita 40, hazifiki mita 2. Ndiyo maana bomba jembamba ni rahisi dukani tu. Gharama yake utailipa kwenye mafuta.

Jambo moja linalotuhusu hasa sisi wa nyanda za juu: pampu iliyowekwa juu ya maji haiyavuti, hewa ndiyo inayoyasukuma kuingia. Pwani hewa inaweza kuyainua mita 10.3 kwa nadharia. Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni kama 8.4, Njombe ni pungufu zaidi. Ukitoa upotevu wa bomba na valvu, mimi sishauri kuzidi mita 5. Isogeze pampu karibu na maji.

Ile familia haikununua pampu nyingine. Vinyungu vipo bondeni, kwa hiyo tanki halikuwa na sababu ya kukaa kileleni. Tulilishusha mita 12, na jioni ile lilijaa.