Mshauri nasaha si lazima awe wa kwenu

Dhana: Atakayenielewa ni wa kabila langu na dini yangu.

Ukweli: Kwenye lugha, mara nyingi ni kweli, kuna uchungu hautamkiki ila kwa lugha uliyokulia. Zaidi ya hapo, mambo si mepesi hivyo. Mwaka 2011 watafiti Cabral na Smith walijumlisha tafiti nyingi wakaona kwamba wateja hupendelea mshauri wa asili yao, lakini kwa wastani kufanana huko hakuongezi nafuu kwa kiasi cha maana. Tena wa kwenu naye ana mtego wake. Unamwambia, "Mama mkwe amehamia kwangu," naye anaguna, "Eeh, najua," mnapita. Mgeni anauliza: "Alipohamia, nani alihama chumba?" Hapo ndipo kidonda kilipo.

Dhana: Mwenye cheti cha mambo ya tamaduni ametosha.

Ukweli: Utamaduni haukaririwi kama jedwali la kuzidisha. Mwaka 1998 madaktari Melanie Tervalon na Jann Murray-García walisisitiza unyenyekevu wa kitamaduni: mtaalamu abaki mwanafunzi wa maisha ya mteja wake. Hata DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliotoka 2013, una mahojiano ya maswali 16 ya kumsikiliza mgonjwa aeleze tatizo kwa maneno yake na ya watu wake.

Dhana: Kumhoji mshauri ni kukosa adabu.

Ukweli: Mhoji. "Wazazi wangu wana sauti katika maamuzi yangu. Wewe unalionaje hilo?" Au: "Nikileta habari za sala, tutazizungumza?" Usisikilize jibu tu, mtazame. Akianza kujitetea, ameshajibu.

Dhana: Wa kwetu atanitangaza.

Ukweli: Kutunza siri ni sharti la kazi yake, isipokuwa pale maisha ya mtu yakiwa hatarini au sheria ikimlazimu, mwombe akueleze mipaka hiyo siku ya kwanza. Lakini kama mnakutana kwenye harusi za ukoo, tafuta mwingine.

Dhana: Ukishaanza na mmoja, umefungwa.

Ukweli: Kutoka kikaoni na macho mekundu kwa kuwa mmegusa msiba si sababu ya kuhama. Kutumia vikao vitatu kueleza kwa nini bado unamtunza mdogo wako, huku yeye akirudia "jiwekee mipaka", ni sababu. Mwambie kwanza, wengine hujirekebisha. Asipobadilika, mwombe akuelekeze kwa mwenzake, au tuma ujumbe mfupi wa shukrani uondoke. Hudaiwi maelezo marefu.