Saratani ya mapafu: kadiri uvimbe unavyoonekana mapema, ndivyo upasuaji unavyopungua

Nyama ya pafu haina neva za maumivu. Uvimbe unaweza kukua ndani yake hadi kufikia sentimita tano au sita bila mwenyewe kuhisi lolote, kwa kuwa maumivu huanza pale unapofikia utando wa nje na ukuta wa kifua. Kikohozi kisichokoma, damu katika makohozi na kupungua uzito navyo mara nyingi huja kwa kuchelewa, na wengi wanaofika kwangu wakiwa na dalili hizo saratani yao imekwisha kusambaa kwenye ini, mifupa au ubongo, ambako kisu hakiwezi tena kuwaponya. Ndiyo sababu mimi, ninayepasua vifua, nawiwa kueleza habari za picha kabla ya habari za kisu.

Mwaka 1933, huko St. Louis, Marekani, Evarts Graham alimwondolea mgonjwa wa saratani pafu zima la kushoto, na mgonjwa huyo, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, akaishi miaka mingi kuliko mpasuaji wake. (Graham, aliyekuwa mvutaji wa sigara, alifariki mwaka 1957 kwa saratani hiyo hiyo ya mapafu.) Baadaye ilidhihirika kwamba wagonjwa wengi hawahitaji kupoteza pafu zima. Pafu la kulia lina mapande matatu na la kushoto mawili, na kuondoa pande moja lenye uvimbe, pamoja na tezi za limfu za jirani, kukawa ndiyo kanuni. Kanuni hiyo ilitiwa nguvu mwaka 1995, pale utafiti wa Amerika Kaskazini ulipoonyesha kwamba wagonjwa walioondolewa sehemu ndogo kuliko pande walirudiwa na saratani mahali pale pale takriban mara tatu zaidi ya wenzao. Hata hivyo, wagonjwa wa utafiti ule walichaguliwa katika enzi ya eksirei, na uvimbe wa wengi wao ulikuwa mkubwa kuliko ule tunaouona leo.

Eksirei hubana kifua kizima katika picha moja bapa, hivyo uvimbe wa sentimita moja hujificha kwa urahisi nyuma ya moyo au ubavu. CT scan hulionyesha pafu tabaka kwa tabaka. Mwaka 2011 yalitangazwa Marekani matokeo ya utafiti uliohusisha watu zaidi ya 53,000 wenye umri wa miaka 55 hadi 74, wote wakiwa wamevuta sigara kwa muda mrefu: waliopimwa kila mwaka, kwa miaka mitatu, kwa CT scan ya mionzi midogo walipungukiwa na vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 kuliko waliopimwa kwa eksirei. Tatizo ni kwamba karibu kipimo kimoja kati ya vinne kilionyesha kitu cha kutiliwa shaka, na zaidi ya asilimia 96 ya hivyo havikuwa saratani. Watafiti wa Uholanzi na Ubelgiji, waliochapisha matokeo yao mwaka 2020, walilipunguza tatizo hilo kwa njia ninayoipenda sana: walipima ujazo wa kinundu badala ya upana wake, na penye shaka wakarudia picha baada ya takriban miezi mitatu ili kuona kinakua kwa kasi gani. Kwa wanaume, vifo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 24 baada ya miaka 10.

Vinundu hivyo vidogo ndivyo vilivyolifufua swali la mwaka 1995. Wajapani waliwagawa wagonjwa 1,106 wenye uvimbe usiozidi sentimita mbili, ulio pembezoni mwa pafu. Nusu wakaondolewa pande zima na nusu kipande tu cha pande. Matokeo ya mwaka 2022 yaliwashangaza wengi wetu. Saratani ilirudi mahali pale pale mara nyingi zaidi kwa walioondolewa kipande, asilimia 10.5 dhidi ya 5.4, lakini waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 94.3, dhidi ya 91.1 ya wale walioondolewa pande zima. Nionavyo, aliyebakiwa na pafu la kutosha ana akiba ya kuhimili tiba nyingine, hata ya ugonjwa tofauti, utakapomjia uzeeni. Kwa uvimbe mkubwa zaidi ningali naondoa pande zima.

Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kwa kamera kupitia matundu madogo kati ya mbavu, na maumivu ya mgonjwa hupungua. Kwa waliochelewa kiasi, lakini bado wanafaa kupasuliwa, zipo dawa za kuamsha kinga ya mwili: katika utafiti wa mwaka 2022, nivolumab ilipotolewa pamoja na tibakemikali kabla ya upasuaji, asilimia 24 hawakukutwa na chembe hai ya saratani katika nyama iliyotolewa, dhidi ya asilimia 2.2 waliopata tibakemikali peke yake.

Je, sisi wa Afrika Mashariki tuanze kuwapima kwa CT scan wavutaji wote wa sigara? Sidhani. Kifua kikuu huacha makovu na vinundu mapafuni, kwa hiyo shaka zisizo za saratani zitakuwa nyingi, na kila moja hudai picha nyingine au kinyama cha kupima maabara. Fedha hiyo ningeielekeza kwanza kwa mtu ambaye tayari ana kivuli kwenye eksirei, makohozi yake hayakuonyesha vijidudu vya kifua kikuu, na bado ameanzishiwa dawa za TB kwa kukisia. Kama baada ya miezi miwili kivuli hakijapungua, afanyiwe CT scan wakati huo huo, bila kungoja dozi ya miezi sita iishe. Naye mgonjwa aje na picha zake zote za zamani, hata zilizofifia, kwa sababu kinundu kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kwa kawaida hakihitaji kupasuliwa.