Mbio za farasi Marekani 2025: maneno ya vijiweni na kilichotokea kweli

"Mwaka ambao hakuna aliyebeba Triple Crown ni mwaka wa bure." Jamani eeh. Triple Crown ni farasi mmoja kushinda Kentucky Derby, Preakness na Belmont mwaka mmoja, na tangu 1919 ni farasi 13 tu wamebeba zote tatu, wa mwisho Justify 2018, kwahiyo kwa hesabu hizo karibu kila mwaka ni wa bure. Na 2025 tulipata kitu kitamu kuliko hiyo, farasi wawili, Sovereignty na Journalism, wakitafutana. Derby tarehe 3 Mei, mvua, uwanja tope tupu, farasi 19, Journalism ndo favoriti halafu Sovereignty akamla mwishoni, wa tatu Baeza. Njoo Belmont mwezi Juni, walewale watatu na kwa mpangilio uleule!

"Sovereignty aliikwepa Preakness kwa woga." Woga gani tena? Preakness inakuja wiki mbili tu baada ya Derby, treina (mkufunzi) wake Bill Mott akaona bora ampumzishe farasi wake, akarudi Belmont akashinda kwa urefu wa farasi watatu. Iliniuma kidogo maana Triple Crown ilifia hapo, ila mzee alipiga hesabu sawasawa.

"Farasi akishabanwa kona ya mwisho, imeisha hiyo." Hii ndo inanichekesha, maana Preakness ya 17 Mei pale Pimlico ipo kwenye video, kaitafuteni. Journalism kabanwa katikati, ndani kuna farasi Clever Again, nje Goal Oriented, joki (mpanda farasi) wake Umberto Rispoli hana pa kutokea, akaona kijinafasi akaingia hivyohivyo, wakagongana mabega, farasi akapoteza mwendo, na muda wote huo Gosger keshachomoka zake huko mbele anaelekea nyumbani. Ungekuwa umebeti ungeshachana mkeka. Basi Journalism akanyooka, akala lile pengo mdogomdogo hadi akampata Gosger karibu kabisa na mstari, tofauti nusu urefu wa farasi. Rispoli akawa Mwitaliano wa kwanza kushinda mojawapo ya mbio hizi tatu.

"Joki anachapa anavyotaka." Mwisho mara sita. Junior Alvarado aliyempanda Sovereignty kwenye Derby alichapa nane, ushindi ulibaki ila yeye akala faini ya dola 62,000 na kufungiwa siku mbili. Fimbo mbili tu za ziada hizo!

"Belmont ni maili moja na nusu siku zote." Kwa kawaida ndiyo, ila uwanja wake wa Belmont Park ulikuwa unajengwa upya kwahiyo 2025 walikimbilia uwanja wa Saratoga, na kule ikawa maili moja na robo. Sasa nyie mnaochukua muda wa Sovereignty mnaupanga na dakika 2 na sekunde 24 za farasi Secretariat kwenye Belmont ya maili moja na nusu mwaka 1973, hizo ni safari mbili tofauti kabisa.