Himalaya iliyofichwa na nyota: dhana potofu kuhusu kichujio cha matusi

Kwenye steshenari yetu hapa Mwanga, Kigoma, kompyuta mbili ni za wanafunzi. Jioni moja binti wa kidato cha pili aliniita: "Mjomba, hii milima inaitwaje?" Kwenye kioo palisomeka "Milima ya Hi******". Nilikuwa nimeingiza "malaya" kwenye kichujio cha kivinjari (programu ya kufungulia kurasa za mtandao), kile kinachofunika matusi kwa nyota, nikachagua kitafute hata sehemu ya neno.

Dhana: "Sehemu ya neno" ndiyo ulinzi mkubwa kuliko wote.
Ukweli: Kichujio hakijui maana, kinafuata herufi tu. "Fala" imo ndani ya falaki. "Mbwa" imo ndani ya Mbwana, kwa hiyo mshambuliaji wetu Mbwana Samatta atatoka "****na Samatta". Na lile tusi zito la herufi nne limo zima ndani ya kumaliza na kumaanisha. Jaribu kusoma ukurasa wowote wa Kiswahili bila maneno hayo! Uingereza waliliona hili mwaka 1996, pale AOL, kampuni ya huduma za intaneti, ilipowakatalia wakazi wa mji wa Scunthorpe kufungua akaunti kwa sababu ya herufi zilizo katikati ya jina la mji wao.

Dhana: Basi weka "neno kamili" kote.
Ukweli: Kiswahili hakikubali, maana mashina yetu huvaa viambishi. Ukiingiza mshenzi kama neno kamili, washenzi, ushenzi na kishenzi yanapita mbele ya macho ya mtoto. Kila neno lipangiwe lake. Mimi "shenzi" na "pumbavu" nimeyaweka kwa sehemu ya neno, kwa kuwa sijakutana na neno safi lenye herufi hizo. "Malaya" na "fala" ni neno kamili, kisha nikaongeza kwa mkono umalaya, ufala na mafala. Kichujio kikiruhusu kanuni za ruwaza (regex), yaani alama zinazoeleza umbo la neno, mstari mmoja unatosha:

\b(m|wa|u|ki)shenzi\b

Hiyo \b ni mpaka wa neno, na | ni "au". Mbwana na Himalaya yaingize pia kwenye orodha ya maneno yanayoruhusiwa, endapo ipo.

Dhana: Orodha inayokuja na kichujio inatosha.
Ukweli: Mara nyingi ni ya Kiingereza. Ya kwetu unaandika mwenyewe.

Dhana: Ukishakiweka, kompyuta nzima ni salama.
Ukweli: Kinachuja maandishi ya kurasa ndani ya kivinjari kile tu. Tusi lililoandikwa juu ya picha hakilioni, na mtoto akifungua kivinjari cha pili hakikuti kabisa. Kompyuta zetu zina vivinjari viwiliviwili, kwa hiyo orodha ileile nimeiingiza mara nne.