Saini ya dijei wa hausi: ni kitu gani hasa?

Mtu anafika mlangoni mwa ukumbi, hajaona nani yuko kwenye mashine, anasikiliza nusu dakika halafu anasema, "Leo yupo fulani." Alichokisikia ndicho kinachoitwa saini. Wengi hudhani saini ni jina la prodyuza linalotamkwa mwanzoni mwa wimbo, kama tulivyozoea kwenye Bongo Fleva, au ule mlio wa king'ora ambao madijei wa sherehe hubonyeza kila wakikumbuka. Hayo ni matangazo. Yana kazi yake, lakini ukiyafuta, muziki unabaki vilevile. Saini ya hausi, muziki wa kuchezwa klabuni, haifutiki hivyo kwa sababu imo ndani ya muziki wenyewe. Ni maamuzi madogo ambayo mtu huyo huyarudia kila anapopiga: kiki (ule mdundo mzito wa chini, si kiki ya mitandaoni) izame kiasi gani, hai-hati (matoazi mawili yanayogongana) ichelewe kiasi gani, besi iingie baada ya muda gani, wimbo upewe dakika mbili au saba.

Hausi ilianzia Chicago, na jina lake linahusishwa na klabu ya Warehouse, ambako Frankie Knuckles, mtoto wa New York, alianza kupiga mwaka 1977. Mifupa yake ni rahisi kuitambua. Kiki inagonga kila pigo, mara nne katika kila baa (yaani kila fungu la mapigo manne). Makofi yanaangukia pigo la pili na la nne, na hai-hati inafunguka katikati ya pigo na pigo. Mwendo wake kwa kawaida ni kati ya mapigo 118 na 128 kwa dakika. Amapiano, ambayo Dodoma utaisikia hadi kwenye bajaji, ni ya ukoo huohuo, ila inatembea taratibu, karibu 112, na logi dramu, besi yenye mlio wa gogo linalogongwa, imebeba sehemu kubwa ya kazi ya kiki.

Kwa kuwa mifupa ni ileile kwa wote, tofauti huonekana kwenye mkono. Angalia Chicago yenyewe miaka ya 1980. Knuckles alikuwa akikata na kuunga nyimbo za disko kwenye mkanda wa rili ili sehemu ya ngoma irefuke, na alizipanga kwa upole, waimbaji wakipewa nafasi yao. Ron Hardy, pale klabu ya Music Box, alisukuma sahani kwa kasi zaidi, sauti ikiwa juu kabisa, na wakati mwingine aliucheza wimbo kinyumenyume. Nyimbo nyingi zilikuwa zilezile. Mchezaji aliyefungwa kitambaa machoni angejua yuko kwa nani.

Kwa maprodyuza, saini mara nyingi huzaliwa na kifaa kimoja kilichozoeleka mkononi. Kampuni ya Roland walitengeneza TB-303, mashine ndogo ya besi, ili impe mwanamuziki anayefanya mazoezi peke yake besi ya kumsindikiza. Haikuuzika, wakaacha kuitengeneza mwaka 1984, zikawa zinapatikana mitumba kwa bei ya chini. Kundi la Phuture, akiwemo DJ Pierre, lilizungusha vitufe vyake huku ikicheza, na ule mlio wa kulia na kukoroma ukawa Acid Tracks ya mwaka 1987. Mtindo mzima ukaitwa asidi. Pierre huyohuyo baadaye alijulikana kwa Wild Pitch, mtindo usio na mlio maalumu hata mmoja, kwani saini yake ni subira: kipande kinaingia, baada ya baa kadhaa kinaingia kingine, na vilivyotangulia haviondoki, hadi chumba kizima kimejaa bila mtu kukumbuka kilijaa saa ngapi.

Todd Edwards wa New Jersey anakata sauti za waimbaji vipande vidogo mno, silabi nusu nusu, kisha anavishona viwe kama kinanda. Kerri Chandler utamtambua kwa uzito wa kiki. Larry Heard, kwa koda (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) laini na nafasi tupu anayoiacha bila woga. Black Coffee wa Afrika Kusini, ambaye albamu yake ya Subconsciously ilipata Grammy mwaka 2022, amepiga muziki kwa mkono mmoja tangu alipoumia wa kushoto katika ajali ya mwaka 1990. Msikilize anavyounganisha nyimbo: hana haraka, hana mbwembwe za vidole, kila kitu kinajengwa polepole. Kwa maoni yetu huyo ndiye mfano mzuri kuliko wote kwa anayeanza, maana anaonyesha kwamba upungufu si kisingizio.

Tuchukue jambo moja tulitazame kwa karibu: kuchelewa kwa hai-hati, kitu ambacho programu nyingi hukiita swingi. Kwa mwendo wa 124, pigo moja lina milisekunde 484. Ligawe mara nne, kila robo inapata 121. Mashine ikicheza robo zote sawasawa, swingi ikiwa asilimia 50, yaani kila robo mbili zinagawana muda nusu kwa nusu, unasikia cherehani. Pandisha hadi 56 na robo ya pili na ya nne zinasogea nyuma kwa milisekunde 14 au 15 hivi. Sikio haliwezi kuhesabu kitu kidogo namna hiyo, lakini kiuno kinajua. Kati ya 54 na 58 hausi hutembea vizuri. Ukivuka 62 inaanza kuchechemea, na kama kuchechemea ndiko unakokutaka, basi kaa hapohapo miaka kumi, ndiyo saini yako hiyo.

Kosa linalojitokeza sana hapa ni kuweka swingi juu ya lupu (kipande cha muziki kinachojirudia) ambayo tayari ina swingi yake. Shekeri inachelewa kwa kiwango chake, hai-hati kwa kiwango kingine, vinagongana, na mtengenezaji anadhani tatizo ni sauti kubwa, anaanza kupunguza hiki na kuongeza kile usiku kucha. Dawa ni kukata lupu vipande, kuvirudisha vyote mstarini, ndipo uweke swingi moja kwa wote.

Upande wa dijei, saini kubwa iko kwenye urefu wa mchanganyiko. Baa 32 kwa mwendo wa 124 ni sekunde 62. Yupo anayebadilisha wimbo ndani ya baa 8, na yupo anayeacha nyimbo mbili zitembee bega kwa bega baa 64, dakika mbili na ushee. Huyu wa pili ana kazi mbili zaidi. Kwanza, besi: moja lazima ikatwe kabisa kwenye miksa hadi zamu yake ifike, kwa sababu besi mbili zikikutana kuna sehemu zinaongezana na sehemu zinafutana, na ukumbi wa saruji wenye paa la bati utakurudishia ngurumo tu. Pili, noti. Wimbo wa 118 ukiuvuta hadi 124 umeongeza mwendo kwa asilimia 5, na usipowasha kitufe cha kufunga noti, kila noti imepanda kwa senti 86 (senti hapa ni kipimo cha noti, si fedha). Nusu toni ni senti 100. Kwa hiyo mwimbaji wako sasa hayupo kwenye noti yake wala kwenye ya jirani, na wimbo wa pili ukiingia watu wanakunja uso bila kujua kwa nini.

Anayetaka kupiga singeli usiku huohuo asihangaike kupandisha mwendo. Singeli ya 248 ni hausi ya 124 mara mbili kamili. Anza na hausi, ondoa kiki kwa baa 8, ingiza singeli. Pigo la mguu halijakatika.

Dodoma na Kanda ya Kati nzima wana hazina ambayo prodyuza wa Chicago hana: muziki wa Wagogo. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha ilimba (ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na uimbaji wa Kigogo hadi kwenye rekodi za lebo ya Real World kule Uingereza, na albamu ya Assembly aliyoifanya na prodyuza Michael Brook mwaka 2002 tayari ilikuwa imezikutanisha sauti hizo na mashine. Tatizo linalowakuta wanaojaribu leo ni kwamba ilimba inasikika "imetoka nje" mara tu koda za kinanda zinapowekwa chini yake. Ilimba haijakosea. Muziki wa Kigogo umejengwa juu ya mfululizo wa sauti za asili, zile zinazojitokeza zenyewe ndani ya uzi au koo, na kinanda kimepimwa kwa namna nyingine. Sauti ya saba ya mfululizo huo iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa takriban senti 31, na ya tano iko chini kwa 14.

Wengi wanakimbilia programu ya kunyoosha noti na kuivuta ilimba ifuate kinanda. Inanyooka, na utamu wote umekwenda, hata ule mvumo wake unageuka kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Fanya kinyume: acha ilimba ilivyo, shusha noti husika za kinanda, au ondoa koda kabisa ubaki na besi ya noti moja. Hausi inaruhusu hilo kuliko mtindo mwingine wowote. Na kwa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ukikuta rekodi yako inagawa pigo mara tatu, usiiburuze kwenye gridi (mistari ya kupanga mapigo kwenye programu) ya robo nne. Weka gridi ya theluthi kwa ngoma za kina mama, kiki ibaki nne kwa baa. Huo mvutano wa tatu juu ya nne hauhitaji kupambwa na kitu kingine. Kikundi ulichokirekodi kilipwe, na makubaliano yaandikwe kabla ya kurekodi.

Maandishi ni muhimu hata kwa nyimbo zako mwenyewe. Larry Heard na mwimbaji Robert Owens walilazimika kuishtaki lebo ya Trax Records mwaka 2020 kwa ajili ya nyimbo za miaka ya 1980. Sajili kazi COSOTA (hakimiliki), jisajili BASATA (baraza la sanaa), tunza faili la mradi pamoja na sauti za kila chombo peke yake katika diski mbili zisizokaa chumba kimoja.

Saini hujengwa na dijei mkazi, yule anayepiga sehemu moja kila wiki, kwa sababu wasikilizaji walewale wanarudi na yeye anajaribu tena kilichoshindikana Jumamosi iliyopita. Klabu za namna hiyo Dodoma si nyingi, na kipato cha madijei wengi kinatoka kwenye harusi, send-off na mahafali, ambako orodha ya nyimbo inaletwa na kamati. Lakini kila sherehe ina dakika 45 au saa nzima kabla mshereheshaji hajashika maiki, wageni wakiingia na kutafuta viti. Saa hiyo haina mwenyewe. Ipigie hausi ya 116 hadi 118, sauti chini ya kiwango cha mazungumzo, michanganyiko mirefu, nyimbo zisizozidi kumi. Rekodi kutoka kwenye miksa kwenda kwenye fleshi, taa ya nyekundu, ile ya sauti iliyozidi, isiwake hata mara moja. Kesho yake sikiliza bila kuangalia orodha. Pale unaposhindwa kusema wimbo mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi, weka alama ya muda. Hapo ndipo pa kurudia wiki ijayo.