Kamba ya Toyota si pambo

Juzi tena. Semina ya wajasiriamali, ukumbi umejaa, sambusa zimeshaliwa, na mtoa mada anashika maiki na kauli ileile: "Wajapani wametuacha kwa sababu hawasimami! Mashine hazisimami, watu hawasimami!" Makofi. Mimi nilikuwa safu ya nyuma, natazama viatu vyangu. Nimekaa viwandani miaka mingi, na kila nikiisikia kauli hii nazikumbuka chupa zilizobandikwa lebo kichwa chini, katoni kwa katoni, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusimamisha laini ya uzalishaji.

Sakichi Toyoda, ambaye ukoo wake ndio ulioleta Toyota, alitajirika kwa mtambo wa kufuma nguo unaojua kusimama.

Alizaliwa 1867, mtoto wa seremala, mama yake akifuma vitambaa nyumbani. Alianza na mtambo wa mbao wa kuendeshwa kwa mkono, akaupatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, 1891. Mwaka 1924, yeye na mwanawe Kiichiro wakakamilisha ule uliowapa jina duniani, Type G. Kwenye mtambo wa aina hiyo kila uzi wa mtande, yaani ule wa kwenda urefu wa kitambaa, unabeba kibati chembamba. Uzi ukikatika kibati kinadondoka, na mtambo unasimama wenyewe. Basi, ni hivyo tu. Ukiona ni jambo dogo, fikiria mtambo usio na kibati: uzi umekatika, mtambo unaendelea kupiga kazi, na ukija kushtuka kitambaa kina mfereji katikati, mita kwa mita. Kwa hiyo kila mtambo unataka mtu wa kuukodolea macho. Type G ilimwondolea mfumaji ulinzi huo. Mtu mmoja akahudumia mitambo mingi, kwa sababu wenye shida ulisimama ukamsubiri. Mwaka 1929 Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, vigogo wa mitambo ya nguo wa zama hizo, wakasaini kununua haki ya kuutengeneza kwa pauni 100,000. Mwingereza kununua ujuzi wa kufuma kutoka kwa mtoto wa seremala wa Kijapani, hebu fikiria.

Najua mjuaji mmoja ataniandikia: "Injinia, mbona jina kamili la mtambo huo lina maneno 'bila kusimama'?" Ni kweli, yamo, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Kile kijiti kinachopitisha uzi wa mshindio, ule wa kukatiza upana, kilipoishiwa uzi, mtambo ulikibadilisha ukiwa mbioni, bila kusimama. Uzi wa mtande ukikatika, ulisimama. Kuna kusimama kwa kupoteza muda, na kuna kusimama kwa kukataa kutengeneza takataka. Toyoda alikufuta kule kwa kwanza kwa jasho la miaka, na kule kwa pili akakuwekea kifaa maalumu. Watu wa semina wamekuchanganya huko kuwili, wakakufuta kote, halafu wanashangaa mzigo unaporudishwa na wateja.

Wazo hilo likahamia kwenye magari. Taiichi Ohno, aliyetoka kampuni ya nguo ya ukoo huo na kuingia Toyota Motor 1943, ndiye aliyelifanya mfumo. Ile kamba inayopita juu ya laini ya Toyota, ambayo mfanyakazi huivuta akiona kasoro, ni kibati kilekile, safari hii mkononi mwa binadamu. Na jamani, ukiivuta laini haisimami papo hapo! Taa inawaka, mlio unasikika, kiongozi wa kikundi anakuja. Wakilimaliza tatizo kabla gari halijafika alama iliyochorwa sakafuni, kazi inaendelea. Wasipolimaliza, ndipo inasimama.

Sasa nije kwetu. Kiwanda kimoja cha vinywaji, sikitaji, kiliniita niwafungie kamba baada ya bosi kutoka semina kama ile. Nikaifunga, na taa nyekundu juu yake. Miezi mitatu baadaye narudi, naikuta imekunjwa, imepigwa fundo kwenye bomba la juu, hata mimi mrefu siifikii. Nikamuuliza binti wa upande wa lebo, "Mwanangu, kamba mbona imepaa?" Akaangalia kwanza supavaiza alipo. "Injinia, mwenzetu aliivuta Jumatatu. Jumanne vibarua walipoitwa kazini getini, yeye hakuitwa jina."

Sina jibu zuri la hapo, na vitabu vya kaizeni, ile falsafa ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, haviligusi. Mwaka 1950 Toyota ilikuwa karibu kufilisika. Wafanyakazi wakapunguzwa, wakagoma, na Kiichiro mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa kampuni, akajiuzulu. Uhakika wa ajira waliokuja kuwa nao waliobaki ulitokana na mgogoro ule. Kule Fremont, California, Toyota na General Motors walipofungua kiwanda cha ubia 1984, waliwaita kazini wafanyakazi wengi walewale waliosifika kwa ugomvi chini ya General Motors, na kamba ikafanya kazi. Lakini mkataba na chama chao ulikuwa na ahadi ya kutowapunguza hovyo. Je, kamba inaweza kufanya kazi kwa kibarua anayeitwa jina kila asubuhi? Nina shaka kubwa, na nimelipwa kuzifunga.

Hata wenye kamba husahau. Februari 2010 Akio Toyoda, kitukuu wa Sakichi, alisimama mbele ya Bunge la Marekani baada ya mamilioni ya magari kurudishwa kwa hitilafu, akakiri kwamba huenda kampuni ilikua haraka mno.

Nilimwomba bosi wa vinywaji jambo moja: atakayevuta kamba leo, kesho aitwe wa kwanza getini. Akacheka. "Si watavuta kila saa?" Nikamwambia wiki ya kwanza watavuta kila saa, ndiyo, kwa sababu matatizo yapo kila saa. Akasema atalifikiria. Nilipokuwa natoka, fundo bado lilikuwa juu.