Utengano wa kijinsia kazini ukishuka, uliza kwanza kazi zilihesabiwaje

Ripoti ikisema utengano wa wanawake na wanaume katika kazi umepungua, wengi husikia kwamba wanawake wameingia kwenye kazi za wanaume. Huenda ni kweli. Lakini namba hiyo hushuka hata pale ambapo hakuna aliyebadili kazi.

Kipimo kinachotumika zaidi ni fahirisi ya Duncan, iliyopata umaarufu kupitia makala ya wanasosholojia wa Marekani, Otis Dudley Duncan na Beverly Duncan, mwaka 1955. Kwa kila kazi, tafuta asilimia ya wanawake wote walioajiriwa waliomo humo, kisha ya wanaume wote. Chukua tofauti bila kujali nani kazidi, jumlisha za kazi zote, gawa kwa mbili. Sifuri ni mgawanyo sawa. 100 ni pale ambapo hakuna kazi hata moja yenye jinsia zote mbili.

Tuchukue wanawake 100 na wanaume 100. Wauguzi ni wanawake 50 na wanaume 10. Madaktari ni wanawake 10 na wanaume 50. Makarani ni 40 kwa 40. Fahirisi ni 40: wanawake 40 wangelazimika kuhama kazi ili wagawanyike kama wanaume. Sasa mtakwimu akiwajumlisha wauguzi na madaktari kuwa "wataalamu wa afya", kundi linakuwa 60 kwa 60 na fahirisi inaanguka hadi sifuri. Wodini kila mtu yuko palepale.

Hili si la kubuni tu. Uainishaji wa kazi wa kimataifa, ISCO-08, una makundi makuu 10, na ngazi yake ya chini kabisa ina makundi 436. Wauguzi na madaktari wenye taaluma kamili wote wamo katika kundi kuu la pili. Kwa hiyo miaka miwili hulinganishwa kwa ngazi ileile na mfumo uleule. Mfumo ukibadilika katikati, kama ISCO-88 ilivyoipisha ISCO-08, dawa ni kuzipa data za utafiti mmoja misimbo ya mifumo yote miwili na kupima pengo kati ya fahirisi mbili zinazopatikana. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo sababu hurukwa. Wala kuchambua mno si salama: kazi yenye watu watatu tu kwenye sampuli huweza kuonekana ya jinsia moja kwa bahati tu.

Kisha kuna ukubwa wa kazi zenyewe. Migodi yenye wanaume watupu ikifungwa, fahirisi huweza kushuka bila kazi yoyote kuchanganyika. Ili kujua kipi kimeishusha, tunashikilia ukubwa wa kazi wa mwaka wa mwanzo, tunabadilisha uwiano wa jinsia peke yake, halafu tunafanya kinyume chake. Maria Charles na David Grusky walikwenda mbali zaidi mwaka 1995 kwa kipimo kisichoyumbishwa na ukubwa wa kazi wala na wingi wa wanawake katika ajira.

Hata ikikokotolewa vizuri, fahirisi haijui cheo. Wape wanawake nafasi 50 za udaktari na wanaume nafasi 50 za uuguzi: jibu bado ni 40. Nani analipwa zaidi hutafutwa kwenye data za mishahara.